Freud, Jung au Lacan: nani anaieleza ndoto ya mtoto aliyelelewa na mjomba?

BintiWaNewala

Habarini za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, niko mwaka wa pili wa uzamili. Tasnifu yangu inahusu ndoto za wahusika katika riwaya, kwa hiyo sura ya pili ni nadharia ya saikolojia changanuzi, ile inayochunguza sehemu ya akili iliyojificha. Niliandika kurasa 14, nikawaweka wanadharia wake watatu, Freud, Jung na Lacan, humo humo. Msimamizi amenirudishia kwa wino mwekundu: "Chagua mmoja. Hawa hawapikwi chungu kimoja." Nimekubali. Ila kila nikikaa kuchagua, kinachonijia kichwani si riwaya, ni ndoto yangu mwenyewe. Naomba niiseme hapa ilivyo, mnisaidie kuona kila mmoja wao angeifanyia nini. Labda hapo nitaelewa wanatofautiana wapi, maana vitabu vinanipa fasili tu.

Mjomba wangu alifariki mwaka juzi. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Kwetu, kwa desturi za zamani, mtoto ni wa ukoo wa mama, na kauli ya mwisho ni ya mjomba. Ada alilipa yeye kwa fedha za korosho. Viboko alichapa yeye. Hata nilipoposwa, watu walikwenda kwake. Baba yangu yupo hai, mpole, alikuwa wa kunibeba mabegani na kuninunulia kashata. Sikumbuki kumwogopa hata siku moja.

Siku ya arobaini nilipewa karatasi nisome shukrani za familia. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu "marehemu mjomba wetu." Nikasoma kwa sauti, mbele ya watu wote, "marehemu baba yetu." Baba alikuwa amekaa mkekani, safu ya mbele. Aliinamisha kichwa akaanza kuchomoa ukili wa mkeka. Sitasahau kile kidole chake.

Tangu hapo ndoto hii imenijia mara tatu. Niko uani kwa mjomba, msimu wa korosho, mabibo yamechacha mpaka harufu naisikia. Mjomba amekaa kwenye kigoda mlangoni, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo, na nyuma yake gizani kuna magunia. Ananiuliza, "Umeuleta?" Najua anaulizia ufunguo. Ninao, lakini uko mdomoni. Nausikia ubaridi wake ulimini na ladha ya chuma. Nikifungua mdomo nimjibu, utaanguka. Basi nanyamaza, naye ananitazama tu mpaka naamka.

Freud ataniambia ni changamano la Oedipus, ile tamaa ya mtoto kwa mzazi mmoja na ushindani na mwingine, kwamba nampenda baba. Jung ataniambia ni Mzee Mwenye Hekima, sura anayodai imo ndani ya watu wote. Lacan sijui ataniambia nini. Zote naziona kama nguo zilizoshonewa mtu mwingine. Ninakosea wapi?

---

MuuguziKisauni

Pole sana kwa msiba, mwalimu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, Mombasa, mwaka wa 19 sasa kazini. Sitaifasiri ndoto yako hapa. Haifasiriki bila wewe kuwepo, na hilo ni jambo la Freud mwenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Umempa Freud kazi asiyoifanya. Hana kamusi ya kusema ufunguo ni kitu hiki na mlango ni kitu kile. Aligusia alama za jumla, kweli, lakini njia yake ni nyingine. Mwaka 1895, mwezi wa Julai, aliota kuhusu mgonjwa wake aliyempa jina la Irma. Alichofanya ni kuikata ndoto vipande, akachukua kimoja kimoja na kujiuliza: hiki kinanikumbusha nini? Akaandika yote, hata ya kumtia aibu. Ndoto unayoikumbuka ukiamka, kwake yeye, ni ganda. Fikra zilizoitengeneza ziko chini, na kati ya ganda na fikra kuna kazi imefanyika: mambo kadhaa yamesongwa yakawa kitu kimoja, na uzito wa jambo kubwa umehamishiwa kwenye jambo dogo. Hivyo Freud asingekuambia "unampenda baba." Angekuuliza: ufunguo? Kigoda? Kwa nini mabibo yaliyochacha na si mabichi? Angekaa kimya akusikilize.

Sasa tazama hili, mimi lilinisisimua niliposoma ndoto yako. Katika mihadhara aliyoitoa Vienna wakati wa Vita vya Kwanza, Freud aliueleza ung'amuzi bwete, yaani sehemu ya akili ambayo mwenyewe huijui, kwa mfano wa nyumba. Kuna ukumbi mkubwa umejaa matamanio na fikra zinasukumana. Kuna sebule ndogo pembeni, humo ndimo fahamu inamokaa. Na kizingitini kuna mlinzi anayekagua kila anayetaka kuingia sebuleni. Asiyempenda humrudisha, na kurudishwa huko ndiko anakokuita kukandamizwa. Kwa hiyo ung'amuzi bwete wa Freud si ghala la vitu vilivyosahauliwa tu. Ni mahali penye nguvu: kitu kinasukuma kitoke, kingine kinakizuia. Kinachotoka hutoka kimejifunika kitambaa, kama ndoto, kama ugonjwa usio na kidonda, kama ulimi kujikwaa.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Freud angewapigia wahenga saluti. Mfano wake mkubwa ni wa mwaka 1898, nakuandikia kwa urefu kwa sababu utakufaa kwenye tasnifu. Alikuwa safarini kutoka Ragusa, ndiyo Dubrovnik ya leo, kwenda Herzegovina, akizungumza na msafiri mwenzake. Wakafika kwenye mazungumzo ya picha za ukutani za kanisa la Orvieto, Italia. Jina la mchoraji likamtoka. Alikuwa Signorelli. Badala yake yakaja Botticelli na Boltraffio, naye alijua kabisa si hayo. Dakika chache kabla walikuwa wakizungumzia Waturuki wa Bosnia, wanavyomwambia daktari, "Herr, hakuna la kusema." Herr kwa Kijerumani ni bwana. Signor kwa Kiitaliano ni bwana vilevile. Kulikuwa na jambo jingine, la kifo na la mapenzi, ambalo alijizuia kulisema mbele ya mgeni. Na mahali paitwapo Trafoi ndipo alipokuwa amepokea habari kwamba mgonjwa wake mmoja amejiua. Bosnia ikatoa "Bo," Trafoi ikatoa "traffio," na "Signor" akazama pamoja na lile aliloficha. Alitaka kusahau jambo moja, akasahau jingine lililoshikamana nalo.

Kwa hiyo "baba" yako ya arobaini, Freud asingeianza kwenye Oedipus. Angeianza kwenye dakika zilizotangulia: kabla hujapewa karatasi, mlikuwa mnazungumza nini pale mkekani?

Jambo moja la kitaaluma. Tasnifu nyingi nilizopitia zinaandika kwamba idi, yaani tamaa ghafi, ndiyo ung'amuzi bwete, na ego, yaani nafsi inayosimamia, ndiyo fahamu. Sivyo. Mwaka 1923 Freud alileta idi, ego na supaego kwa sababu ramani ya kwanza, ile ya ukumbi na sebule, ilikuwa haimtoshi. Aliona wagonjwa wanajizuia bila kujua kwamba wanajizuia. Anayezuia ni ego, na hajui. Supaego nayo, ile sauti ya kukukaripia, sehemu yake kubwa iko gizani. Ukiliandika hilo sawasawa, msimamizi atajua umesoma.

Na Melanie Klein usimsahau, ingawa hukumtaja. Alikuwa London tangu 1926, akiwachunguza watoto wadogo kwa vitu vya kuchezea, vigari na watu wadogo wa mbao. Nimekaa na watoto wengi wodini, nikamwelewa yeye kabla sijamwelewa Freud. Kwake, mambo huanza mapema sana, mtoto na titi la mama, kabla ya baba kuingia kwenye hadithi. Mtoto huchukia na kupenda kitu kimoja, kisha anashikwa na hofu kwamba kwa chuki yake amekidhuru anachokipenda, na anataka kukitengeneza. Mwenye msiba mara nyingi anarudi pale pale. Naishia hapo kwa Klein.

---

MtuWaElgon

Mwalimu, pokea salamu kutoka Bungoma. Nitamsemea Jung, kwa sababu alifika kwetu.

Jung aliwasili Mombasa mwishoni mwa 1925, akapanda reli hadi Nairobi, kisha akaja kukaa na watu wa Mlima Elgon ambao yeye aliwaita Waelgonyi. Ndio sisi Wasabaoti. Alikuwa na Kiswahili cha kuungaunga, na mikutano yake na wazee ilikwenda kwa Kiswahili hicho. Alitaka kitu kimoja: ndoto zetu. Hakuzipata. Mzee mmoja, mganga, laiboni, alimwambia kwamba zamani walaiboni waliota, wakajua kama vita vinakuja, au maradhi, au mvua, au mifugo ipelekwe wapi. Tangu wazungu waje, hakuna anayeota tena. Mkuu wa wilaya anajua kila kitu.

Mimi nikilisoma hilo nasimama. Ni jawabu la nadharia nzima kutoka kwa mtu asiyejua kwamba anajibu nadharia. Mzee hakusema ndoto ni za ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Alisema ndoto ni kazi ya jamii, na kazi hiyo imenyang'anywa.

Huo ndio mlango wa kumwelewa Jung. Wazee walimweleza kuwa ndoto ni za aina mbili. Kuna ndoto ndogo za mtu wa kawaida, na kuna maono makubwa yanayomjia mganga au mkuu kwa ajili ya watu wote. Jung alifurahi kwa sababu alikuwa tayari anaamini hivyo. Tofauti yake na Freud ilionekana mapema, mwaka 1909, walipokuwa melini pamoja kwenda Marekani, kila mmoja akifasiri ndoto za mwenzake. Jung aliota nyumba. Juu sebule nzuri ya samani za kale. Chini yake chumba cha zamani zaidi. Chini tena pishi la enzi za Warumi. Akainua jiwe la sakafu, akateremka ngazi nyembamba, akakuta pango lina mifupa, vyungu vilivyovunjika na mafuvu mawili. Freud akang'ang'ania mafuvu: ni ya nani? Unamtakia nani kifo? Jung akamdanganya, akataja mkewe na shemeji yake, ili yaishe. Moyoni aliona pango lile si lake peke yake. Ni tabaka la watu wote. Hapo ndipo penye ung'amuzi bwete wa jumuiya, na miaka minne baadaye wakaachana kabisa.

Kwa hiyo nyumba ya Freud ina mlinzi mlangoni, nyumba ya Jung ina ngazi za kushuka. Kwa Freud kilicho chini kimefukuzwa. Kwa Jung sehemu kubwa ya kilicho chini haijawahi kupanda juu, na si adui. Inajaribu kukusawazisha: mchana ukiegemea upande mmoja, ndoto inavuta upande wa pili. Angekuuliza: je, kuna upande wako unaomkana mjomba mchana? Halafu angeleta hadithi za walinda milango wa dunia nzima. Hapo ndipo mimi namwacha.

Namwacha kwa sababu nyingine pia, na hii naisema kwa uchungu. Katika safari nzima ya Afrika, Jung alimwota mtu mweusi mara moja tu, naye hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa kinyozi wake wa Chattanooga, Marekani, wa miaka kumi na zaidi nyuma, na ndotoni anamshikia chuma cha moto amsokote nywele ziwe kama zetu. Jung akaamka na hofu, akaifasiri kwamba Afrika inamtishia, karibu imezwe nafsi yake ya Kizungu. Alikaa na babu zangu, akala nao, akawasikiliza kuliko maafisa wengi wa wakati wake. Lakini ndani ya nadharia yake sisi tulikuwa lile pango la chini, la mifupa. Ukimtumia Jung kwenye riwaya ya Kiswahili, lazima useme hilo, vinginevyo unawaweka wahusika wako pangoni.

---

BintiWaNewala

Asanteni sana, kaka zangu. Muuguzi, swali lako la dakika zilizotangulia limeninyima usingizi, nitalirudia. Mtu wa Elgon, mimi na Jung hatuafikiani kwa sababu ya harufu. Mjomba alinuka tumbaku na maji ya mabibo, alikuwa na kovu la panga kwenye kiganja, alinichapa siku moja kwa kosa la mtu mwingine na hakuomba radhi. Nikimfanya Mzee Mwenye Hekima, namfuta.

Lakini bado hakuna aliyenijibu kuhusu mjomba na baba. Oedipus ya Freud ina baba anayeogopewa. Wangu haogopwi.

---

MzeeWaMaktaba

Mwanangu, marahaba. Mimi ni mstaafu, nimefundisha miaka mingi, na swali lako lina umri wa miaka mia. Nashangaa halimo kwenye vitabu vyenu vya nadharia.

Bronisław Malinowski, mwanaanthropolojia, alikaa visiwa vya Trobriand, katika nchi inayoitwa leo Papua New Guinea, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikuta watu wa ukoo wa mama. Baba pale ni mume wa mama na rafiki wa watoto, anawabeba, anawachezesha. Mwenye amri, mwenye urithi, mwenye kuadhibu ni kaka wa mama. Nadhani unaijua nyumba hiyo. Malinowski akaandika kwamba uchungu ambao Freud aliuona kwa baba, Trobriand unakwenda kwa mjomba, na tamaa iliyokatazwa vikali kuliko zote si kwa mama bali kwa dada. Alikuwa hamkani Freud. Alisema ung'amuzi bwete upo na ukandamizaji upo, ila Freud alichukua familia ya mjini Vienna akaiita binadamu.

Ernest Jones, mfuasi mwaminifu wa Freud kule London, akamjibu: sivyo, Oedipus yupo pale pale. Mfumo wa mjomba wenyewe umebuniwa kama kinga, ili chuki ya baba imwangukie mtu mwingine na baba abaki kipenzi. Yaani baba mpole ni mpole kwa sababu mjomba amebebeshwa mzigo wake.

Mimi nilikuwa upande wa Malinowski ujana wangu wote. Jones nilimwona anashona kiraka kuokoa nguo ya bwana wake: ukimpata baba mkali, ni Oedipus, usipompata, ni Oedipus aliyejificha. Nadharia isiyoweza kukosea inanitia shaka. Lakini umesimulia kidole cha baba yako kwenye ukili wa mkeka, na uzee umenifundisha kutolipita jambo kama hilo. Kama mambo yangekuwa kama Malinowski anavyosema tu, kusingekuwa na cha kuteleza. Ulimi wako ulimpa mjomba jina ambalo mwenyewe alikuwa amekaa hapo mbele, akilisikia likitolewa. Nakuacha nalo, silitatui.

Na ukitaka Afrika, tafuta kazi ya Ortigues wawili, mke na mume, waliofanya kazi Dakar, hospitali ya Fann, wakachapisha mwaka 1966. Waliona kwamba kwa vijana waliowatibu ushindani na baba haukujitokeza waziwazi, kwa sababu baba amekaa karibu mno na wahenga. Ushindani ulihamia kwa ndugu, kwa wa rika moja.

---

MwanaBukavu

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Brussels, Kiswahili changu ni cha Kivu, mnivumilie.

Mwalimu, Lacan uliyesema humjui ndiye amekaa kwenye ndoto yako. Neno lake linalorudiwa kila mahali ni kwamba ung'amuzi bwete umeundwa kama lugha. Watu wanalirudia kama dua bila kulifungua. Maana yake si kwamba mtu wa ndani anazungumza. Maana yake ni kwamba kinachosongwa na kuhamishwa ndotoni ni maneno, vipande vya sauti, kama vile "Signor" na "Bo" kwenye mfano alioutoa Muuguzi. Lacan aliusoma upya mfano ule ule wa Signorelli. Alisema anarudi kwa Freud, na kwa hilo namwamini, ingawa watu wa chama cha kimataifa cha saikolojia changanuzi walimwondoa kwenye orodha ya wakufunzi mwaka 1963, pamoja na mambo mengine kwa sababu ya vikao vyake vya tiba alivyovikatisha alipotaka yeye.

Kwa hiyo Lacan asingeuliza mjomba ni nani. Angesikiliza neno. Umeota kwa Kiswahili. Mjomba amekuuliza "Umeuleta?", halitaji jina la kitu. Wewe ndiye uliyetuambia ni ufunguo. Sema neno hilo polepole. U-fungu-o. Nimekaa na daftari hapa naliandika. Kuna kufunga mdomo, nawe mdomo umeufunga. Kuna kufungua. Na katikati kuna fungu. Mjomba amefariki, ana magunia nyuma yake, na anakuuliza kama umeleta. Sikujui, mwalimu, na pengine nimevuka mpaka. Ila kwa vile unaandika kuhusu maneno, nakuuliza neno.

Hapa kuna tofauti kubwa na Jung. Ndoto hii haihamishiki kwenda Kijerumani. Ukiitafsiri, fungu linadondoka njiani.

Kuhusu nguo zilizoshonewa mtu mwingine, Lacan alitoa ushahidi dhidi ya wenzake, na dhidi yake mwenyewe. Baada ya Vita vya Pili aliwachukua kwenye tiba watu watatu kutoka Togo ya juu, madaktari waliokulia kule. Alitarajia kusikia mambo ya kwao. Hakusikia. Ung'amuzi bwete wao ulifuata sheria za Oedipus vizuri kabisa. Akasema, mwaka 1970 hivi, kwamba huo ni ung'amuzi bwete waliouziwa pamoja na sheria za ukoloni. Utoto wao waliukumbuka kupitia familia ya Kifaransa. Nimelisoma hilo mara nyingi ndani ya tramu, na kila mara nawaza baba yangu aliyesoma kwa mapadri.

Na kabla yake, mwaka 1952, Frantz Fanon, daktari wa akili kutoka Martinique, alikuwa amemjibu Jung: huo mnaouita wa jumuiya haurithiwi kwenye ubongo. Ni hadithi, magazeti, nyimbo za shuleni, vitu mtoto anavyolishwa mpaka anavisahau vikawa yeye. Mtoto mweusi wa Martinique analishwa hofu ya mtu mweusi. Mtu wa Elgon, kinyozi wa Chattanooga umeshamjibu, lakini Fanon anakupa jina la ugonjwa: si mababu wa Jung waliomtisha, ni malezi yake.

---

BintiWaNewala

Nimechukua siku nne kujibu. Samahani.

MwanaBukavu, nilipofika kwenye "fungu" niliizima simu nikatoka nje. Sikuwaandikia jambo moja, na naapa sikulificha kwa makusudi. Wakati naandika lile swali halikunijia kabisa. Mjomba aliacha wosia. Shamba moja la mikorosho, miti arobaini, ni langu. Wanawe, binamu zangu watatu, hawakulipenda, na siwalaumu. Wao wanasema zama zimebadilika, mtu anarithiwa na watoto wake. Mmoja wao, tuliyekua pamoja, tuliyelala mkeka mmoja, aliniandikia ujumbe: "Dada, hilo ni fungu letu." Ujumbe huo una miezi mitano. Sijaujibu. Na ufunguo upo kweli, si wa ndotoni tu. Ni wa ghala la mjomba, nilipewa siku ya mazishi, uko kwenye droo ya meza ninayosahihishia madaftari.

Muuguzi, ulinitaka nikumbuke dakika zilizotangulia. Nimekumbuka. Kabla sijapewa karatasi, shangazi mmoja alikuwa nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Anasoma kama nani, mtoto ni yeye?" Ndipo nikasimama nikasoma "baba yetu." Mzee wangu wa Maktaba, sasa nahisi naona kilichotokea, na si cha Malinowski peke yake wala cha Jones peke yake. Nilijifanya mtoto wa mjomba mbele ya watoto wake, kwa neno moja, na gharama yake akailipa baba yangu. Yale uliyosema ya Dakar, ushindani kuhamia kwa ndugu, niliyasoma nikiwa nimesimama.

Jana nilikwenda kwa baba. Sikumweleza nadharia. Nilimwomba radhi kwa siku ile. Akaniuliza, "Siku gani?" Nikamkumbusha. Akasema, "Nilidhani umenitabiria." Kumbe miaka hii miwili mzee wangu amekaa na wazo kwamba mwanawe alimsomea arobaini akiwa hai. Nililia sana. Akanikatia papai.

Kuhusu tasnifu: nimemwandikia msimamizi kwamba nachagua Freud, lakini Freud wa ndoto na wa ulimi kujikwaa, anayekwenda kipande kwa kipande, siyo Freud wa Oedipus. Mjadala wa Malinowski na Jones nitauweka kama ukosoaji, kwa sababu riwaya ninayoichambua ina mjomba. Lacan nimeombwa nimwache, nami nitamwacha kwenye maandishi, ila mifano yangu yote nitaitafuta kwenye maneno ya Kiswahili yanayokatika vipande. Jung namwacha kwa sababu alizozitaja Mtu wa Elgon, ingawa yule laiboni nitamtafutia mahali kwenye utangulizi.

Binamu yuko Masasi. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kanga.

---

MuuguziKisauni

Nenda salama, mwalimu. Ukifika, usianze na shamba. Anza na ule mkeka mliolalia.